Taya ikifunga: sindano mbili ziko, nani atazichoma?

Mtu akishindwa kufungua kinywa, mara mingi kwetu jino ndilo linashtakiwa kwanza. Linang'olewa, franga zinatoka, maumivu yanabaki palepale. Juu shida haikuwa kwa jino. Ilikuwa kwa kiungo cha taya, mbele kidogo ya sikio, pale kitu kinatembea mtu akitafuna. Ndani kuko kisahani kidogo cha gegedu. Kikitoka mahali pake, taya inalia ao inafunga. Kinywa cha mtu mzima kinapaswa kuingiza karibu vidole vitatu.

Zamani dawa ya mwisho ilikuwa kupasua mbele ya sikio, pale mshipa wa fahamu unaoendesha uso unapita. Mwaka 1975 munganga Mujapani, Masatoshi Ohnishi, alionyesha kwamba kamera nyembamba inaweza kuingia ndani ya kiungo. Mwaka 1991 Dorrit Nitzan wa Yerusalemu na wenzake wakarahisisha zaidi: sindano mbili tu, serumu inaingia kwa moja, inatokea kwa ingine, inasafisha kiungo. Mugonjwa anachomwa dawa ya ganzi, mara mingi analala kwake siku ile ile.

Na hapa ndipo jambo linatuhusu. Kamera ni bei kali. Lakini serumu, sindano na dawa ya ganzi haviko vitu vya ajabu hata huku mashariki. Kinachokosekana ni mukono uliofundishwa. Wanganga wa kupasua taya ni wachache nchini, na tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwisho wa Januari 2025, kumufuata mumoja wao Kinshasa imekuwa safari ya kuzunguka nchi za jirani. Kufundisha wanganga wa meno wawili watatu hapa kungesaidia watu mapema kuliko kungoja mashine.

Hata hivyo, sindano hazikimbiliwi. Wengi wanapona kwa chakula laini wiki chache (miwa na mahindi ya kuchoma kando!), kitambaa cha moto, mazoezi na dawa ya maumivu. Tena hazitengenezi kila taya: mutoto aliyeanguka akavunjika taya, mifupa ikashikamana, yule anahitaji kupasuliwa kweli.

Kuko na taya moja ya kutongojea: ile inafunga siku chache ao wiki mbili tatu nyuma ya kupata kidonda, shingo na mugongo vikikauka. Ile ni pepopunda, tetanosi. Hospitali, saa ile ile.