Mchango hauchukui nafasi ya haki

Mgonjwa wa saratani anapotoka kwa mganga akiwa na karatasi ya dawa mkononi, jamaa zake hukutana kwanza kuhesabu franka. Mmoja anauza mbuzi, mwingine anakopa, na shirika la mtaa linachanga. Tunausifu upendo huo. Lakini tujiulize: je, uhai wa mtu utegemee wingi wa ndugu zake?

Tamoxifen, dawa inayotumiwa kwa wengi wenye saratani ya titi, humezwa kila siku, mara nyingi kwa muda wa miaka 5. Mchango wa Dominika moja hauwezi kubeba safari ndefu namna hiyo. Na anayekatiza dawa kwa kukosa pesa hujiweka tena katika hatari ya ugonjwa kurudi.

Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 47, inaihakikisha haki ya afya. Mnamo Septemba 2023 serikali ilianza, kule Kinshasa, mpango wa kuwazalisha akina mama bila malipo. Hatua hiyo ni njema, nayo inaonyesha kwamba haki iliyoandikwa yaweza kufika hata kitandani pa mgonjwa. Wenye saratani nao wanangoja.

Wengine watasema kwamba nchi yetu haina uwezo. Tunajibu kwamba dawa za saratani hazifanani zote kwa bei. Tamoxifen, na morfini inayotuliza maumivu makali, ni dawa za zamani, nazo zimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Jirani yetu Uganda, ambayo si nchi tajiri, huwapa wagonjwa morfini ya kunywa bure, na tangu 2004 imewaruhusu wauguzi waliofundishwa kuwaandikia.

Basi tufanye nini? Penye mutueli ya afya, tuulize kwa heshima kama dawa hizo zimo katika malipo yake. Kama hazimo, tuombe ziingizwe. Wanaotaka kura zetu wakija, tuwaulize bila woga ni lini matunzo ya bure yatawafikia wenye saratani. Tuendelee kuchanga, maana mgonjwa wa leo hawezi kungoja sheria ya kesho. Ila tusikubali ukarimu wetu uwe mto wa kulalia kwa wale wenye wajibu.