Bando Huishia Wapi?

Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya jambo linalowagombanisha watu katika nyumba nyingi, nasi wanafunzi tungeweza kulieleza kama tungelijua vema. Jambo lenyewe ni intaneti ya simu. Wazee kwa vijana twaitumia, walakini ukimwuliza mtu inafikaje mkononi mwake, atakujibu, "Inatoka hewani." Jibu hilo si uongo, ila ni sawa na kusema kwamba maji hutoka bombani.

Likizo iliyopita mama alinunua bando la GB 1 jioni, akakusudia kesho yake azungumze na mama mdogo aliye Songea huku wakitazamana nyuso. Asubuhi bando halipo. Mdogo wangu akaitwa, akaulizwa maswali kama mwizi wa kuku, na kampuni ya simu nayo ikapata sehemu yake ya lawama. Tulipofungua mipangilio ya simu, mahali palipoandikwa "Matumizi ya data", tukaona hesabu yote. Programu kadhaa zilikuwa zimejisasisha zenyewe usiku, na video za kundi la kamati ya harusi zilikuwa zimejipakua moja baada ya moja. Hakuna mtu ye yote aliyeiba. Simu ilifanya kazi iliyoruhusiwa kufanya tangu siku ya kwanza ilipowashwa, na mdogo wangu alikuwa amekwisha lia.

Basi niseme kwa ufupi mambo yalivyo. Simu ni redio, lakini ni redio isikiayo na kusema pia. Ukigusa kioo ili uone picha, simu hupeleka ombi kwa mawimbi ya redio hadi mnara ulio karibu. Safari hiyo ya hewani pengine ni kilomita moja au chache. Kutoka mnarani ombi hupita kwa waya wa nuru uliofukiwa ardhini, au kwa zile sahani tuzionazo mnarani zikielekeana na mnara mwingine, mpaka kwenye mitambo ya kampuni. Hapo laini yako hutambuliwa, kwa maana ndani ya kile kikadi kidogo mna ufunguo wa siri ambao kampuni nayo inao; hapo pia ndipo bando lako linapopimwa. Baadaye ombi huingia katika intaneti yenyewe, na mara nyingi husafiri chini ya bahari.

Wengi hushangaa wakisikia habari ya bahari. Kabla ya mwaka 2009 Afrika ya Mashariki ilitegemea satelaiti, ambazo huwa juu yapata kilomita 36,000, na gharama yake ilikuwa kubwa. Mwaka 2009 waya wa Seacom ulifika Dar es Salaam na Mombasa, na mwaka 2010 ukafuata wa EASSy. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilipata hitilafu upande wa kusini mwa Afrika, na watu wengi hapa Tanzania wakazima na kuwasha simu zao bure, wakidhani zimeharibika. Lakini kupiga simu ya kawaida kutoka Tabora hata Moshi hakuhitaji waya wa baharini. Hali kadhalika kutuma fedha kwa ile menyu ya nyota na reli: hupita katika njia za mtandao wa simu wenyewe, wala haigusi intaneti wala bando, na ndiyo sababu hata simu ya kitochi huweza kutuma fedha. Mtu ajuaye tofauti hiyo hahangaiki kununua bando ili apate kumtumia mtoto nauli.

Sasa vipimo, na hapa naomba mwalimu wa Hesabu anivumilie. Picha haisafiri nzima. Hukatwa vipande vidogo ambavyo kwa kawaida kimoja hakizidi baiti 1,500, na kila kipande huandikwa anwani ya kitokako na ya kiendako, kisha huunganishwa upya mwishoni. Picha ya MB 3 hutoa vipande yapata 2,000. Vipande viendavyo na vijavyo vyote huhesabiwa, kwa hiyo anayepeleka video naye hulipa, si anayeitazama tu. Tena mwendo wa mtandao hutajwa kwa biti, lakini bando huuzwa kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Mwendo wa megabiti 8 kwa sekunde hula megabaiti moja kila sekunde. GB 1 yaweza kumalizika kwa dakika kama 17. Mtu ataniuliza kama mtandao wenye kasi basi hula zaidi. Picha ile ile ni ile ile, iende mbio au polepole. Lakini video nyingi hujichagulia ubora wa juu zionapo njia ni nyeupe, na hapo ndipo bando linapoyeyuka.

Na ile mistari ya juu ya kioo? Huonyesha jinsi mawimbi ya mnara yanavyosikika, haionyeshi kasi. Mnara mmoja hutumiwa na watu wengi, kama bomba la kijiji. Jioni kila mtu ameleta ndoo yake, na ijapokuwa umesimama karibu na bomba, utangoja zamu.

Rafiki yangu mmoja wa kidato chetu, hodari sana katika mdahalo, hakubaliani nami. Asema hayo ni mambo ya wahandisi. Yeye hupanda basi kutoka kwao hadi shuleni bila kujua injini inavyofanya kazi, naye hufika salama. Maneno yake ni mazuri kuyasikia. Lakini abiria hulipa nauli moja, na dereva akikanyaga mafuta vibaya hasara ni ya mwenye basi. Katika simu ni wewe ununuaye mafuta, kwa vibaba, na tena kwa saa, maana bando la siku halingoji kesho. (Na hilo mimi silipendi hata kidogo. Ukinunua kilo ya mchele hakuna anayekuja kuuchukua uliobaki saa sita ya usiku.) Anunuaye kwa kipimo hana budi kujua kipimo.

Tena liko jambo kubwa kuliko bando. Matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne hutolewa katika tovuti ya Baraza la Mitihani. Mabadiliko ya tahasusi hufanywa kwa intaneti, na maombi ya mkopo wa elimu ya juu pia. Mwenzetu aliyemaliza shule asiyejua njia hizi huenda kwa mwenye duka la kuchapia, hulipa fedha, hutaja namba yake ya mtihani mbele ya foleni nzima, na neno lake la siri hubaki limeandikwa katika daftari la mtu asiyemjua. Pengine mwenye duka ni mwaminifu. Pengine amekosea tahasusi, na kijana atajua siku majina yatakapotoka. Yeyote aliyeweza kusoma Fizikia miaka minne aweza kufundishwa kufanya kazi hiyo mwenyewe kwa simu ya baba yake, kwa MB chache tu.

Sisemi wanafunzi turuhusiwe kuleta simu shuleni. Nimesikia wengine wakitumia hoja kama zangu kwa nia hiyo, na Walimu wana haki ya kuwatilia shaka. Mawimbi ya redio tumekwisha yasoma bila kuleta redio darasani, na mnara twauona kutoka dirisha la bweni. Ubao na chaki vyatosha.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwa wazazi: kabla ya kumshuku mtoto, fungueni "Matumizi ya data" mwone programu gani iliyokula, mwashe "Kiokoa Data", na katika makundi ya ujumbe mzuie video zisijipakue zenyewe. Kwa Walimu: kabla Kidato cha Nne hawajaondoka muhula huu, tupewe Jumamosi moja, saa mbili zatosha, mwalimu wa Fizikia atuchoree njia yote kutoka simu hadi baharini, kisha mwalimu wa taaluma atuonyeshe, katika kompyuta ya ofisi, fomu za maombi zilivyo. Viti tutavibeba wenyewe.