Malka zipimwe kabla hazijazibwa

Reli haijawahi kufika Tana River, na ile iliyoahidiwa katika LAPSSET, mradi wa bandari, reli na barabara uliozinduliwa Lamu Machi 2012, bado haijalazwa. Kwa hiyo mtu wa Garsen akisikia kwamba Marekani wamezigeuza reli zilizokufa kuwa njia za waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa farasi, huenda akauliza hayo yanamhusu nini. Yanamhusu sana. Vyuma viling'olewa; kilichookolewa ni ule ukanda mwembamba wa ardhi usiokatika. Mwaka 1983 sheria yao ilirekebishwa ili ukanda wa reli isiyotumika uweze kubaki mzima kwa matumizi ya umma, badala ya kumegwa vipande vipande. Njia ikikatwa mahali pamoja tu, imekufa yote.

Sisi tuna malka, yaani mapito ya mifugo kwenda mtoni. Kiangazi kikikaza, wafugaji wa Kiorma, Kiwardei na wengine kutoka upande wa Garissa na Ijara huteremsha ng'ombe hadi delta ya mto Tana, ambako maji na majani hayajaisha. Ukingoni wamo Wapokomo na mashamba yao ya mpunga, mahindi, ndizi na miembe, kwa kuwa rutuba huletwa na mafuriko. Malka ikilimwa, ng'ombe hawana pa kupita ila shambani, na hapo ugomvi huanza. Mwezi Agosti 2012 zaidi ya watu 50 waliuawa katika kijiji cha Riketa, humu humu deltani. Siasa ilichangia katika msimu ule, sikatai, lakini mzozo wa malisho na maji ndio uliokuwa kuni zilizokwisha kukauka.

Wakulima watasema kupima malka ni kuwanyang'anya ardhi ya ukingoni, ambayo tayari ni haba. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo sababu upana na idadi ya malka viamuliwe na vijiji vyenyewe, na mkulima atakayeguswa alipwe. Hata hivyo, leo anapoteza zaidi, kwa sababu mifugo isiyo na njia hupita popote. Wafugaji nao wanaogopa kufungiwa ndani ya mstari huku ukame ukiwataka wahame. Mstari huo uwe haki ya chini kabisa wasiyoweza kunyimwa, na makubaliano ya msimu yaendelee juu yake. Pingamizi gumu zaidi ni la mto wenyewe: Tana huhama mkondo, na beakoni (alama ya mpaka) ya leo inaweza kuwa majini kesho. Basi sheria ndogo ya kaunti ilinde haki ya kufika majini, na ramani ipitiwe upya baada ya kila mafuriko makubwa.

Njia hiyo haitakuwa ya ng'ombe peke yao. Watoto wataipita kwenda shule, akina mama kuteka maji, na wageni wanaokuja kutazama ndege wa delta, ardhi oevu inayotambuliwa na Mkataba wa Ramsar tangu 2012, watapata pa kutembea bila kukanyaga shamba la mtu. Katiba inahesabu maeneo ya malisho kuwa ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ipo tangu 2016. Bunge la Kaunti ya Tana River litenge fedha za upimaji, na hati yoyote ya kumiliki ardhi ya ukingoni isitolewe kabla malka ya hapo haijaandikishwa.