Mchakamchaka hautoshi, kina mama wapewe chuma

Jumamosi alfajiri, Dar es Salaam huwa ya mchakamchaka. Vikundi vinavuka Daraja la Tanzanite kuelekea Coco Beach, fulana za rangi moja, filimbi mdomoni, na nyimbo za kutaniana kati ya mtaa huu na mtaa ule. Kina mama wa miaka 50 na 60 wamo wengi, na mara nyingi ndio wanaoanzisha nyimbo zenyewe. Wakimaliza wananyoosha viungo, wanapiga picha, wanarudi nyumbani.

Moyo umefaidika, presha na sukari vimepata dawa yake. Mifupa imeambulia kidogo sana.

Hili walimu wengi wa mazoezi hawalisemi kwenye kipaza sauti. Mwanamke akikoma hedhi, homoni ya estrojeni inashuka, na hiyo ndiyo iliyokuwa inazuia mfupa usiliwe haraka kuliko unavyojengwa. Katika miaka mitano hadi saba ya mwanzo anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya mfupa wake. Haumi mahali, havimbi mahali. Mashine za kupima uzito wa mfupa hazipo kila hospitali, kwa hiyo wengi taarifa ya kwanza wanaipata bafuni: mama kateleza mtelezo ambao binti wa miaka 20 angeinuka akicheka, yeye nyonga imevunjika. Na bibi aliyevunjika nyonga mara nyingi harudi kwenye mwendo wake wa zamani. Wengine hawatoki tena kitandani.

Sasa, mfupa hauhesabu kilomita. Hapa watu wa soka wanaweza kuelewa haraka kuliko wengine, maana wanajua straika hapimwi kwa umbali aliokimbia. Chembe hai zilizomo ndani ya mfupa zinahisi pale mfupa unapokandamizwa au kupindishwa kidogo, na zikipata nguvu kubwa kuliko ile ya kila siku ndipo zinaagiza ujenzi uanze. Zikizoea, zinanyamaza. Ndiyo maana mcheza tenisi huwa na mfupa mnene zaidi kwenye mkono wa raketi kuliko mkono wa pili, wakati si ajabu mwendesha baiskeli mwenye pumzi za kutisha kukutwa na mifupa myepesi. Baiskeli imembeba, mifupa yake haijabeba kitu.

Kwa hiyo mama anayetembea njia ileile, kwa mwendo uleule, kila wiki kwa miaka mitatu, anafanya jambo zuri kwa moyo wake, lakini mfupa ulishaizoea hiyo ratiba zamani.

Australia walilipima hili. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Griffith, uliochapishwa mwaka 2018, wanawake 101 waliokwishakoma hedhi, wastani wa umri miaka 65, wote wakiwa na mifupa iliyopungua, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa mazoezi mepesi ya nyumbani. La pili liliingia jimu mara mbili kwa wiki, nusu saa tu kila mara, kwa miezi minane, na halikubembelezwa: kuinua chuma kutoka sakafuni, kuchuchumaa na chuma mabegani, kusukuma chuma juu ya kichwa, seti tano za mara tano kwa uzito unaokaribia mwisho wa uwezo wa mtu. Juu ya hapo waliruka na kutua kwa kishindo. Waliopiga chuma, mfupa wa kiuno kwenye uti wa mgongo uliongezeka kwa asilimia 2.9. Wale wa mazoezi mepesi ulipungua kwa asilimia 1.2.

Asilimia 2.9 inaonekana ndogo, mpaka ukumbuke kwamba katika umri huo mfupa huwa unakwenda upande mmoja tu, chini.

Atatokea mtu aseme mama wa Kitanzania anabeba ndoo kichwani tangu utotoni, chuma cha nini? Hoja ina uzito, na bila shaka ndoo ilimjengea mifupa akiwa binti. Lakini ndoo ni ileile ya lita 20, haikuongezeka, na mfupa ulishaimaliza. Tena mama wa mjini leo maji anayo bombani na sokoni anakwenda na bodaboda. Mwili uliojengwa kwa kazi umewekwa benchi, halafu watu wanashangaa umeshuka kiwango.

Wengine watasema ni aibu, mama mtu mzima kuchuchumaa na chuma mbele ya watu. Hao hao hawaoni aibu mzee mwenye kitambi akianguka peke yake golini kwenye bonanza la maveterani.

Na hapo kwenye mabonanza ndipo penye tatizo hasa. Mwishoni mwa 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, Jumamosi ya pili ya kila mwezi ilitangazwa kuwa siku ya mazoezi. Zanzibar wana siku yao ya mazoezi ya kitaifa kila Januari Mosi. Viwanja kama Leaders vinajaa wikiendi. Lakini baada ya mazoezi ya pamoja, nani anabaki na uwanja? Wanaume. Maveterani wanavaa jezi na kutandaza kabumbu hadi jua liwake, kina mama wanahamia kivulini kwenye supu. Wanaume waliokaribia 60 wanapata dakika 60 za kukimbia ghafla, kusimama, kugeuka na kugongana, yaani mazoezi yale yale ambayo mifupa ya wake zao inayahitaji kuliko yao.

Afrika Kusini walishalivunja hilo. Huko Limpopo kuna timu ya Vakhegula Vakhegula, jina ambalo kwa Kitsonga ni bibi, bibi, iliyoanzishwa na Beka Ntsanwisi. Wamo mabibi wenye wajukuu, na mwaka 2010 walisafiri hadi Massachusetts, Marekani, kucheza mashindano ya maveterani. Mwanzoni walichekwa. Soka lenyewe kwa mifupa si hadithi: Denmark, Peter Krustrup na wenzake waliwafuatilia wanawake ambao hawajakoma hedhi kwa miezi 16, na mfupa wa muundi uliimarika zaidi kwa waliocheza soka la kujifurahisha kuliko kwa waliokimbia tu. Kwa aliyekoma hedhi soka peke yake huenda lisitoshe, ndiyo maana chuma kinatajwa kwanza hapa. Ila mama aliyecheza rede na netiboli shuleni hawezi kuambiwa leo kwamba mpira si wake.

Vifaa visiwe kisingizio. Ndoo ya lita 10 ikijaa mchanga mkavu inafika kama kilo 15. Mama anaanza na robo ndoo, mgongo umenyooka, anachuchumaa, anainuka nayo. Baada ya wiki mbili anaongezewa mchanga, akizoea anaongezewa tena, na huo mchanga wa kuongeza ndio siri yote. Kuruka kamba, kupanda ngazi kwa kishindo, hata kuruka kichura kwa mwenye magoti mazima, mara 10 au 20, apumzike, arudie. Kikundi cha vikoba chenye wanawake 15 kinaweza kununua vyuma vyake kwa mzunguko mmoja, na kikamlipa mwalimu anayejua kazi.

Anayejua kazi, si mwenye spika kubwa tu. Kule Australia walisimamiwa kila siku ya mazoezi, na mwezi mzima wa kwanza ulikuwa wa kujifunza mkao kwa uzito mdogo. Mama aliyewahi kuvunjika kwa kuanguka kidogo, au ambaye mgongo umeanza kupinda na kimo kupungua, aanzie kwa daktari. Na lile zoezi pendwa la mabonanza, la kuinama haraka kugusa vidole vya miguu, hesabu moja mbili tatu, kwa mwenye uti wa mgongo dhaifu ni hatari: linaweza kuponda pingili. Walimu wanalifanyisha watu 300 kwa pamoja, binti na bibi yake mstari mmoja.

Timu za Ligi Kuu ya Wanawake zina walimu wa viungo wanaowapigisha chuma mabinti wa miaka 20 ambao mifupa yao bado iko kwenye kilele. Si kazi kubwa kwa Simba Queens, Yanga Princess au JKT Queens kumtoa mmoja asubuhi moja kwa wiki. Na maveterani wa mabonanza wanaweza kuanza mapema zaidi, Jumamosi ijayo, kwa kuachia nusu ya uwanja dakika 40 kabla hawajavaa jezi.