Wimbo wa Tin ni mzuri, lakini Baba Yetu ni ya waamini wote

Vijana wengi wa kwaya wanao kwenye simu zao wimbo "Baba Yetu" wa Mmarekani Christopher Tin. Ulitoka mwaka 2005 katika mchezo wa kompyuta uitwao Civilization IV, na maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mwaka 2009 ulirekodiwa tena na Soweto Gospel Choir pamoja na Royal Philharmonic Orchestra, na mwaka 2011 ukapata tuzo ya Grammy, wimbo wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kuipata. Ni wimbo mzuri. Asemaye si mzuri hajausikia kwenye spika za maana.

Shida inaanza kwaya inapotaka kuuimba ndani ya Misa, mahali pa Baba Yetu, kwa hoja kwamba "maneno ni yaleyale". Si yaleyale. Sisi tunasema mkate, wimbo unasema chakula. Sisi tunasema kishawishi, wenyewe unasema majaribu. Ombi la ufalme limesogezwa nyuma, na Amina imetiwa katikati. Katika Misa hatusemi Amina pale, kwa sababu padre anaendelea na sala ya kuomba tuopolewe katika maovu, nasi tunaihitimisha kwa kumtukuza Mungu. Amina ya kwaya inaukata mlango huo.

Hati Musicam Sacram ya mwaka 1967 inataka Sala ya Bwana isaliwe na waamini pamoja na padre. Katika wimbo wa Tin mmoja anaanza, kwaya inajibu, na waamini wanabaki watazamaji. Hapa Mogitu wapo wazee ambao nyumbani wanaongea Kiiraqw au Kibarbaig, na sala hii ya Kiswahili wanaijua kwa mpangilio wake ule ule. Ukiupangua, wananyamaza. Bibi aliyetembea kutoka kitongoji cha mbali amenyimwa sala ya kwake mwenyewe, tena na wajukuu zake!

Na tuseme kweli, okestra hatuna. Tuna kinanda kimoja na mdundo wa kubonyeza, ambao mara nyingi unazidi sauti ya nne.

Watunzi wetu wana pa kuanzia. Padre Stephen Mbunga, Mtanzania mwenzetu, alitunga Misa kwa mahadhi ya kwetu, na mwaka 1963 akachapisha kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Mwaka huohuo Mtaguso ulitaka muziki wa asili wa watu upewe heshima yake katika ibada. Ningefurahi kusikia Baba Yetu yenye mahadhi ya Kiiraqw, fupi, ambayo kanisa zima linaidaka kwa Jumapili mbili.

Ule wa Tin, walimu wa kwaya, uwekeni kwenye tamasha, au jioni ya Noeli kabla Misa haijaanza. Nitakaa benchi la mbele.