Njia ya Milima ya Njombe Inaanzia Stendi

Kuna imani imekaa vichwani mwetu kwa muda mrefu, nami naona wakati wa kuing'oa umefika: kwamba porini hakufikiki bila gari la kwako au la kukodi, tena liwe Land Cruiser. Mtu akitaja hifadhi ya Kitulo, swali la kwanza haliwi miezi ya maua wala baridi ya usiku. Anaulizwa, "Una gari?" Akisema hana, mazungumzo yanaishia hapo. Imani hiyo ina pacha wake, asemaye kwamba kupanda mlima kwa kupenda ni mambo ya Wazungu, na Mwafrika anayekwenda kwa miguu ni yule aliyekosa nauli. Zote mbili ni uongo, na hakuna mahali zinapoumbuka waziwazi kama mkoa wa Njombe.

Tuanze Makambako. Abiria wengi wa mabasi ya kusini wanaujua mji huu kama mahali pa kuchimba dawa, kununua kitu cha kutafuna na kurudi kwenye siti. Lakini hapa ndipo barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia inapoachana na ile ya Njombe na Songea. Hapa ndipo reli ya TAZARA inapoibukia nyanda za juu, baada ya kupanda kutoka bonde la Kilombero kwa kipande cha Mlimba hadi Makambako, kipande kilichowatoa jasho wajenzi wake miaka ya 1970 kuliko kingine chochote. Treni ya abiria siku hizi inasuasua, na hilo lina kilio chake. Mabasi hayakauki. Aliyepanda basi alfajiri Dar es Salaam, usiku analala Makambako au Njombe, kilometa 60 hivi mbele, na kesho yake asubuhi anaweza kuwa mlimani. Ni miji michache ya bara letu yenye pori la namna hii mlangoni na usafiri wa umma wa namna hii barabarani.

Njombe yenyewe iko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukishuka stendi huhitaji hata bodaboda kuyafikia maporomoko ya Luhuji; ni mwendo mfupi wa miguu kutoka mjini. Maji yale ni ya mto Ruhudji, unaoteremka hadi Kilombero na kuingia Rufiji. Wapo wakazi wa Njombe wanaopita karibu nayo kila siku ya Mungu bila kusimama, na ukiwauliza utalii uko wapi watakuonyesha kaskazini, Arusha.

Hoja ya kwamba barabara hazipitiki nayo imepitwa na wakati. Lami ya Njombe kwenda Makete imekamilika. Barabara ya Ludewa, inayochepukia Itoni, ilijulikana kwa matope ya masika. Leo kipande cha Lusitu hadi Mawengi, kilometa 50, ni zege tupu. Zege hilo halikumwagwa kwa ajili ya watembeaji. Lilimwagwa kwa kutazamia malori ya makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Lakini basi la abiria linapita juu yake, na mtu mwenye mkoba mgongoni ana haki ileile ya kulipanda kama mfanyabiashara wa viazi.

Na Liganga hiyo, ambayo Watanzania wengi wanaijua kwa takwimu peke yake, tani milioni 126 za chuma, imegeuzwa kuwa jina la mradi. Ni mahali. Ni vilima vya Mundindi, wilayani Ludewa, katika nchi ya Wapangwa. Wapangwa waliyeyusha chuma kwa matanuri ya udongo na mivukuto zamani sana kabla ya Shirika la Maendeleo la Taifa kutia saini na kampuni ya Kichina mwaka 2011, na ufundi wao umeandikiwa vitabu na wanaakiolojia. Kijana wa Njombe akitaka kuiona nchi hiyo, anapanda gari la Ludewa, anashuka Mkiu, na kutoka pale barabara inakwenda Lugarawa, Liganga hadi Madaba. Bodaboda zipo. Zaidi ya hapo ni njia za miguu kati ya kijiji na kijiji, zile zinazopitwa na wanafunzi, wachunga mbuzi na kina mama wanaokwenda zahanati. Aende sasa, kabla mitambo haijaanza kukata vilima. Anachohitaji ni kuaga kwa mtendaji wa kijiji na kufuata maelekezo ya walio kwenye eneo la mradi, basi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wenye magari hawataki kulisikia. Kwa mtembeaji wa milimani, gari ni mzigo. Ukiliacha mahali, sharti ulirudie. Matembezi yako yote yanakuwa duara, au unapanda na kushuka njia ileile. Mtu wa basi yuko huru: anashukia hapa, anavuka mlima, anapandia kwingine kabisa. Hakuna mahali uhuru huo una thamani kubwa kama kwenye safu ya Livingstone.

Fikiria safari ya kutoka Kitulo hadi Matema. Uwanda wa Kitulo uko kwenye meta 2,600 hivi, nyasi tupu na ukungu, na ndiyo hifadhi ya kwanza ya taifa katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Ilitangazwa mwaka 2005. Ina aina takriban 350 za mimea, na kati ya hizo aina 45 ni okidi. Mvua zikishakolea, kuanzia Desemba hadi Aprili, uwanda wote unachanua, ndiyo maana wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Barabara ya Isyonje kwenda Makete inapita juu ya uwanda huohuo, na upande wa pili magari ya abiria yanapanda kutoka Chimala hadi Matamba kwa kona kali zinazofuatana kama hazina mwisho. Kutoka juu kule unavuka milima kwa miguu, siku kadhaa, ukiwa na kibali na mwongozaji, unapita pembezoni mwa misitu ya safu hii ambamo anaishi kipunji, kima ambaye sayansi ilikuja kumtambua mwanzoni mwa karne hii tu. Halafu ardhi inaporomoka. Ziwa Nyasa liko chini, meta 470 na kitu juu ya bahari. Umeshuka zaidi ya meta 2,000, kutoka baridi ya kuvaa makoti mawili hadi joto la michungwa na mchanga, na Matema unapanda gari la kwenda Kyela na kurudi kwenu. Hakuna Land Cruiser iliyoundwa duniani inayoweza kupita njia hiyo. Dereva wako atalazimika kuzunguka mamia ya kilometa kuja kukupokea.

Na njia hizo hazikuchongwa na mtalii. Wakinga, ambao nchi nzima inawajua kwa maduka yao Mbeya hadi Kariakoo, walizipanda na kuzishuka na mizigo vichwani vizazi na vizazi, wakibadilishana na watu wa ziwani. Vyungu vya Wakisi, vile vinavyouzwa mpaka leo sokoni Lyulilo karibu na Matema, vilipandishwa milima hiyo kwa migongo ya watu. Ndiyo maana nakasirika nikisikia kwamba kutembea mlimani si jadi yetu. Jadi ya nani basi? Tumewaachia wageni sifa ya jambo lililofanywa na bibi zetu, eti kwa sababu wao wamevaa viatu maalumu.

Hao wageni wenyewe, ukichunguza, hawakuanza na magari. Waingereza waliodai haki ya kutembea mlima wa Kinder Scout mwezi Aprili 1932 walikuwa vijana wafanyakazi wa viwanda vya Manchester na mitaa yake, watu wa mishahara midogo, na madai ya aina yao ndiyo yaliyozaa sheria ya hifadhi za taifa huko mwaka 1949. Hong Kong ilifungua njia ya MacLehose, kilometa 100, mwaka 1979, na wakazi wake wanafika kwenye vipande vyake kwa mabasi ya kawaida ya mjini. Lakini kwa nini twende mbali? Mkazi wa Nairobi anapanda matatu hadi Ngong, anatembea vilima vyake, na jioni yuko kwake. Lushoto, vijana wanawatembeza wageni Usambara kwa miguu baada ya kuwapokea kituo cha mabasi. Na Udzungwa, iliyoanzishwa 1992, haina kabisa barabara za kuzungushia watalii kwa gari. Lango la Mang'ula liko kando ya barabara ya Ifakara. Basi linakushusha, unatembea. Kuyaona maporomoko ya Sanje, meta 170, tajiri na maskini wanapanda kwa magoti yao wenyewe.

Najua nitajibiwa kwamba basi halina uhakika. Ni kweli kwamba vijiji vingi vya Ludewa na Makete vina gari moja au mawili kwa siku, yanayotoka alfajiri na kurudi jioni, na ukilikosa umelala. Dawa yake ni kulala. Gesti zipo, watu wapo, na salamu ya "kamwene" inafungua milango mingi. Najua pia kwamba mlima una hatari zake: ukungu wa Kitulo unapoteza mtu mchana kweupe, na usiku wa Juni na Julai unashuka hadi sakitu. Lakini hatari hizo zinamkuta aliyekuja kwa gari vilevile, pengine zaidi, maana huyo amezoea kudhani akichoka atakimbilia ndani na kufunga vioo. Kinachookoa mtu mlimani ni nguo za kutosha, chakula, mwongozaji mwenyeji na kuanza mapema.

Tazama pia fedha inakokwenda. Msafara wa magari ya kukodi unatoka Mbeya au Dar es Salaam na chakula chake, mafuta yake, maji yake ya chupa. Unapiga picha na kuondoka. Abiria wa basi anakula kwa mama ntilie Njombe, analipa bodaboda Mkiu, analala gesti Makete, ananunua parachichi barabarani, anamlipa kijana wa kijiji amwonyeshe njia. Fedha yake inabaki mkoani, mikononi mwa watu wasio na namna nyingine ya kuuonja utalii. Serikali ilipopanga mradi wa REGROW wa kukuza utalii wa kusini kwa mkopo wa Benki ya Dunia, hifadhi zilizopewa kipaumbele zilikuwa Ruaha, Mikumi, Udzungwa na Nyerere. Kitulo haikuwamo, na mradi wenyewe benki iliufuta mwaka 2024. Njombe isingoje mradi mwingine wa namna hiyo. Inachohitaji ni kidogo kuliko madaraja na viwanja vya ndege.

Ubao katika stendi ya Makambako na ya Njombe, wenye majina ya njia, mahali pa kushukia, saa za magari ya kwanza na ya mwisho, na namba za simu za waongozaji waliosajiliwa kijijini. Alama za rangi kwenye miti na mawe, kila panapogawanyika njia. Utaratibu wa TANAPA unaomruhusu mtu aliyefika langoni kwa bodaboda apate kibali na askari wa kumsindikiza saa hiyohiyo, bila kutazamwa kama aliyepotea. Safari ya mwaka ya kila shule ya sekondari ya mkoa kwenda Kitulo kwa basi, maana ni aibu mwanafunzi wa Makambako kuchora kreta ya Ngorongoro kwa kukariri huku hajawahi kuiona okidi inayochanua ndani ya mkoa wake. Halmashauri za Njombe, Makambako, Makete na Ludewa zina uwezo wa kuyalipia haya kwa mapato ya ndani. Yaingizwe kwenye bajeti ijayo, na mbao hizo ziwe zimesimama kabla maua ya Desemba hayajafunguka.