Miji ya Mbali: Herrnhut

Wasomaji wetu wa Rungwe na Unyamwezi wamelisikia jina la Herrnhut tangu utoto, maana ndiko walikotumwa wamisionari walioijenga Rungwe mwaka 1891. Tukiwauliza, Herrnhut ni mahali gani? wengi hudhani ni mji mkubwa wenye maduka na minara. Sivyo. Ni mji mdogo wa mashamba katika jimbo la Saksonia, upande wa mashariki wa Ujerumani, karibu na mipaka ya Poland na Ucheki. Hata leo, vijiji vya jirani vikihesabiwa pamoja nao, watu wake ni yapata 6,000 tu. Mwezi huu twapenda kutembea humo pamoja nanyi.

Mwaka 1722 hapakuwa na mji, ila msitu na njia ya magari ya farasi iendayo Zittau. Nchi ile ilikuwa milki ya mwungwana kijana wa miaka 22, jina lake Nikolaus Ludwig von Zinzendorf. Wakaja wakimbizi kutoka Moravia, waliokatazwa kwao imani ya baba zao. Zinzendorf mwenyewe hakuwapo. Msimamizi wake ndiye aliyewaonyesha mahali, na tarehe 17 Juni seremala Christian David akauangusha mti wa kwanza. Kilima kilichokuwa karibu kiliitwa Hutberg, yaani kilima cha ulinzi. Basi msimamizi yule akapaita mahali pale Herrnhut, yaani ulinzi wa Bwana.

Jina zuri, walakini wenyeji wake hawakupatana. Katika miaka mitano wakawa watu kama 300, kila mmoja na mapokeo yake. Wakabishana juu ya ibada na juu ya mafundisho, hata mtu mmoja akamwita Zinzendorf yule mnyama wa kitabu cha Ufunuo, naye ndiye aliyewapa ardhi na miti ya kujengea! Zinzendorf akaacha kazi yake ya serikali huko Dresden, akaja kukaa nao, akienda nyumba kwa nyumba. Tarehe 12 Mei 1727 wakapokea masharti ya kukaa pamoja, na tarehe 13 Agosti wakala chakula cha Bwana katika kanisa la Berthelsdorf, siku ambayo Wamoravian wangali wanaikumbuka. Kanisa hilo lingaliko. Mgeni aweza kulifikia kwa miguu kutoka Herrnhut.

Baada ya hayo mji ukapangwa kwa namna isiyokuwa kawaida. Ndugu wasiooa walikuwa na nyumba yao, dada wasioolewa yao, na wajane yao. Seremala na mwungwana waliitana ndugu, jambo lililowachukiza wakubwa wengi wa siku zile.

Mwaka 1731 Zinzendorf alikwenda Copenhagen, akakutana na mtumishi Mwafrika, jina lake Anton, mtumwa kutoka kisiwa cha St. Thomas katika bahari ya Karibi. Anton akafika Herrnhut, akasimama mbele ya watu, akaeleza habari za dada yake aliyeachwa katika utumwa. Akawaambia kwamba atakayetaka kuwafundisha watumwa huenda ikambidi kuwa mtumwa mwenyewe. Leonhard Dober, mfinyanzi, akasema yu tayari. Mwezi wa Agosti 1732 akaondoka pamoja na David Nitschmann, seremala, wakienda kwa miguu mpaka bandarini.

Haifai tuishie hapo, kama vitabu vingi viishiavyo. Kabla ya miaka kumi kupita, misheni ya St. Thomas ilinunua shamba, na pamoja na shamba ikanunua watumwa wa kulilima. Waliotoka katika mji wa ndugu wakawa mabwana wa watu waliowaita ndugu. Sisi twaona neno hili ni zito, wala hatulipunguzi kwa kusema kwamba zamani watu wote walifanya hivyo. Maana watu wa Herrnhut walikwisha kumsikia Anton kwa masikio yao.

Sasa tuutazame mji. Katikati pana ukumbi wa ibada, uliojengwa mwaka 1756 na 1757. Ndani kila kitu ni cheupe: kuta, mabenchi, na sehemu ya juu wanapokaa watu. Hakuna mimbari ndefu wala sanamu, ila meza ya mhudumu. Ukumbi tuuonao si ule wa kwanza mzima, kwa kuwa mwezi wa Mei 1945, vita ilipokuwa ikikoma, moto uliteketeza ukumbi na nyumba nyingi za katikati ya mji. Ulijengwa tena, ukafunguliwa mwaka 1953. Iko pia karakana ya nyota za karatasi zenye ncha 25, zinazotundikwa wakati wa Majilio. Kwanza zilitengenezwa katika shule ya Niesky, ili watoto wajifunze hesabu ya maumbo. Na kila mwaka maneno ya Biblia ya kitabu kiitwacho Losungen hupigiwa kura papa hapa. Desturi hiyo ilianza mwaka 1728, na kitabu chasomwa leo katika lugha zaidi ya 50. Mwaka 2024 UNESCO ikauandika mji katika orodha ya Urithi wa Dunia, pamoja na Bethlehem ya Marekani na Gracehill ya Ireland ya Kaskazini.

Lakini mwenye saa moja tu, na apande Hutberg kwenye makaburi, yaliyoanzwa mwaka 1730. Njia hupita kati ya miti iliyokatwa sawasawa. Wanaume wamelala upande mmoja, wanawake upande wa pili, kwa utaratibu wa siku walizokufa, wala si kwa jamaa zao. Mawe yamelazwa chini, yote ya namna moja: mwoka mikate na mwalimu huwezi kuwatenga. Ni Zinzendorf na watu wa nyumbani mwake peke yao waliopewa makaburi ya kuinuka, katikati ya njia. Twatabasamu kidogo tukiyaona.

Alfajiri ya Pasaka, tangu 1732, watu hupanda huko na tarumbeta zao kulingoja jua. Humo alizikwa pia mtoto Carmel Oly, aliyetolewa katika utumwa wa St. Thomas na kuletwa Ulaya na Dober. Alibatizwa mwaka 1735, akaitwa Yoshua, akafa Herrnhut mwaka uliofuata, kabla ya kuwa kijana.